Mhariri, jumuiya zetu zimejaa daftari, kimya kimeenda wapi?

Ndugu Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo, na wasomaji wako wasio Wakatoliki nawasalimu kwa salamu zao. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu lakini usiikate sana maana nimeiandika kwa simu, kipande leo kipande kesho, mimi ni fundi cherehani na wateja hawaniachi nikakaa.

Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, zinakufa kwa sababu vijana ni wavivu wa kuamka Jumamosi, na wanaume dini wamewaachia wake zao. Sikatai, uvivu upo, na wanaume kwa kweli wamejificha nyuma ya kanga zetu, kwenye jumuiya yangu ukiona wanaume watatu siku hiyo ujue kuna uchaguzi. Ila vijana hawa hawa wanaoitwa wavivu wanakesha kwenye mikesha ya karismatiki, ile ya kuimba na kuomba kwa sauti, mpaka alfajiri, wanaamka usiku wa manane kuangalia mpira wa Ulaya, kwa hiyo kuamka wanaweza sana tu. Mi najiuliza wakishaamka wakaja jumuiya wanakuta nini.

Ngoja niwaambie wanachokuta. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkeka umetandikwa uani kwa mwenye zamu, viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na sanamu ya Mama Bikira Maria. Ishara ya msalaba, wimbo ubeti mmoja na kiitikio, halafu binti mmoja anasoma Injili ya Dominika inayokuja, anaisoma mbio mbio kama taarifa ya habari ya saa mbili, mwenyekiti anauliza haya nani ana tafakari, watu wanaangaliana, mama yule yule wa kila wiki anasema somo linatufundisha tumpende Mungu na jirani, asante mama, wengine? Hakuna. Maombi, Baba Yetu, basi, Neno la Mungu limekwisha hapo na jua bado halijatoka vizuri.

Halafu ndo linakuja daftari la michango. Hapo Mhariri hakuna anayekimbia, hapo tunakaa. Zaka, tegemeza, mavuno, ujenzi wa nyumba ya mapadre, sare ya somo wa parokia (mtakatifu msimamizi wake), ugeni wa askofu, kipaimara, rambirambi, na kale kamchango ka dharura ambako kila wiki kanakuja na jina jipya. Majina yanaitwa moja moja na deni linasomwa kwa sauti mbele za watu, Mama fulani unadaiwa hiki na hiki, Baba fulani tangu Pasaka hujaonekana. Nina jirani yangu anauza vitumbua, ni mjane, jina lake likikaribia anaanza kukunja pindo la kanga na kulikunjua, anakunja anakunjua, mpaka liitwe na apite aibu yake. Siku hizi haji. Sasa huyu na yeye ni mvivu?

Nisieleweke vibaya, mi si mpinga michango. Nyumba ya paroko haitajengwa kwa Salamu Maria peke yake, na zile enzi za mapadre Wazungu kuletewa kila kitu kwa meli kutoka kwao zimepita na ni vizuri zimepita, kanisa ni letu tulijenge wenyewe. Matendo ya Mitume sura ya nne inasema wazi watu walikuwa wanauza mashamba wanaleta fedha miguuni pa mitume. Lakini someni huo mlango wote, kabla ya kufika kwenye mashamba kuna watu wamekaa pamoja wanasali, mahali walipokuwa pakatikiswa, wakajazwa Roho Mtakatifu, na hapo ndipo wakawa moyo mmoja na roho moja. Fedha ilikuja baadaye. Sisi tumeanza na fedha halafu tunashangaa moyo mmoja hauonekani.

Na jumuiya hazikuanzishwa ziwe tawi la kukusanyia. Maaskofu wetu wa ukanda huu, wale wa AMECEA, walipokaa Nairobi mwaka 1976 waliamua jumuiya ndogo ndogo ndo ziwe njia kuu ya kulijenga Kanisa kwenye nchi zetu, kwa maana parokia zilikuwa kubwa mno, padre mmoja na maelfu ya watu, Mkristo anaingia Dominika anatoka bila hata kumjua aliyekaa naye benchi moja. Wakataka nyumba chache za mtaa mmoja zikutane, zisome Neno, zisaidiane, ziwatembelee wagonjwa. Na njia ya kusoma hilo Neno ikapatikana, zile Hatua Saba zilizotoka taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, wazee wa jumuiya mnazijua, nyingine nimezikuta zimebandikwa ukutani parokiani na hazisomwi na mtu. Unamkaribisha Bwana, unasoma, unarudia neno au sentensi iliyokugusa, unakaa kimya, mnashirikishana, mnajadili mfanye nini, mnamaliza kwa sala. Ni kitu rahisi sana, hata asiyejua kusoma anaweza, maana akisikia sentensi mara tatu nne inakaa.

Hiyo hatua ya nne ndo imekufa. Kimya. Nani kati yenu wasomaji jumuiya yake inakaa kimya dakika tano nzima kwa saa? Kwetu tunakaa sekunde kadhaa mtu akikohoa tu mwenyekiti anasema tuendelee. Kimya kinatutisha, nadhani ndo ukweli wenyewe, tumezoea kelele kiasi kwamba kimya kikiingia tunadhani kuna kitu kimeharibika.

Lakini mi nilishaona kikifanya kazi. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka ule Injili ya Dominika ilikuwa Luka sura ya tano, Petro na nyavu. Katibu alikuwa amesafiri kwenda msibani na daftari amelifungia ndani, kwa hiyo michango haikuwezekana, na mwenyekiti naye alikuwa na mafua sauti haitoki, akamwachia katekista mzee mmoja aliyestaafu aongoze. Yule mzee akatupeleka hatua kwa hatua bila haraka. Tulipofika hatua ya tatu kila mtu anarudia sentensi yake, kwenye kona kulikuwa na baba mmoja mlinzi, huwa anakuja moja kwa moja kutoka lindo na koti lake na tochi, anakaa nyuma anasinzia, hatujawahi kumsikia. Akasema "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Akanyamaza. Kidogo akairudia tena ile ile, polepole zaidi.

Katekista akasema sasa tukae kimya tumwache Bwana aseme nasi, akafumba macho, na kweli tukakaa. Kuku wanapita, mtoto analia nyumba ya pili, daladala zinapiga honi barabarani, lakini pale uani palikuwa kimya, tena kimya kirefu mpaka mimi mwenyewe nikawa nachungulia kwa jicho moja nione kama mzee kalala. Hajalala.

Tulipofika kushirikishana yule mlinzi ndo akafunguka. Kampuni haijamlipa miezi kadhaa, usiku yupo kazini na asubuhi anarudi mikono mitupu, nyumbani hajasema kwa sababu anaona aibu, anaaga kila jioni kama mtu mwenye kazi. Akasema hajui kama na yeye anaruhusiwa kumwambia Yesu hivyo, ila Petro kamwambia, basi na yeye kasema. Hakuna aliyemhubiria Mhariri. Hatua ya sita mzee akauliza tu, jamani tufanye nini? Kabla ya jua kupanda mama mmoja alishaleta unga, mwingine maharage, kijana mmoja anayefanya kazi ofisi ya wanasheria akachukua namba yake ili amsaidie kufuatilia haki yake, na noti zikawekwa kwenye kile kibakuli cha sadaka bila jina la mtu kuitwa. Mimi nimekaa kwenye jumuiya ile muda mrefu na sikumbuki siku nyingine tuliyotoa kwa moyo vile. Wiki iliyofuata katibu alirudi na daftari lake na tukaendelea kama kawaida, hilo nalo niliseme.

Na siyo jumuiya tu. Misa zetu za Dominika hebu ziangalieni, nasema za mjini maana ndo ninazozijua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kwenye ile hati ya Liturujia ya mwaka 1963 uliandika kwamba waamini waitikie, waimbe, na pia kwa wakati wake washike kimya kitakatifu. Kwetu tumeshika kuitikia na kuimba. Baada ya komunyo padre anakaa, mtu umetoka kupokea Mwili wa Kristo, umepiga magoti unataka kusema naye neno mbili tatu, kwaya imemaliza wimbo wa komunyo na kabla hujavuta pumzi kinanda kimeshaanza wimbo wa shukrani, ukiisha katibu wa parokia huyo na karatasi zake, matangazo ya ndoa, matangazo ya harambee, mnada wa ndafu na mbuzi na kuku wa mavuno, kipaza sauti kinakoroma. Unarudi nyumbani umempokea Bwana na hamjaongea. Sasa nisigombane na wanakwaya, wanajitahidi sana na mimi mwenyewe ndo nawashonea sare, naomba tu watupe huo muda kidogo.

Hata kuabudu Ekaristi. Alhamisi jioni unakwenda umechoka na kazi, unasema leo nikakae tu mbele ya Yesu wa Ekaristi, unakuta kuna mtu na maiki anatuongoza kila sekunde, mwambie Yesu hivi, nyoosha mkono, lia, sema ndiyo Bwana. Mi nina rafiki zangu wakarismatiki, wananiombea na nawaombea, siwadharau, kuna siku moyo unataka kupiga kelele na zaburi zimejaa makelele. Lakini nabii Elia pale Horebu alipitiwa na upepo mkali, tetemeko la nchi na moto, Bwana hakuwemo, halafu ikaja sauti ndogo ya utulivu. Maiki ingekuwa imewashwa Elia asingesikia kitu.

Kuna kisa mapadre wanapenda kukitumia, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki imekiweka namba 2715, cha yule mkulima wa Ars huko Ufaransa enzi za Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Alikuwa anakaa kanisani mbele ya tabernakulo, kile kisanduku kinachotunza Ekaristi, hasemi neno, paroko akamuuliza huwa unafanya nini, akajibu mimi namtazama, naye ananitazama. Mkulima huyo, hana shahada ya teolojia. Na kama mtu anasema kimya ni cha wenye nafasi, sisi walala hoi hatuna muda, basi amkumbuke Mwalimu Nyerere, ambaye Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Alikuwa Rais, nchi nzima inamgongea mlango, na asubuhi alikuwa anakwenda misa, wazee waliokuwa wanasali Mtakatifu Petro Oysterbay watakusimulia. Kazi zake zilikuwa nyingi kuliko za kwangu na za kwako, tukubaliane hapo.

Mtaniuliza na wewe fundi unasalije. Sijifanyi mtawa. Nasali rozari kwenye mashine, mguu unakanyaga pedali na midomo inaenda, Matendo ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, ya Mwanga Alhamisi tangu Papa Yohane Paulo wa Pili alivyotuongezea mwaka 2002, na tukifika Oktoba tunazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Walokole wa mtaani kwetu wananitania, dada hizo sala zako za kukariri Yesu alisema msipayuke-payuke. Ni kweli alisema, Mathayo sita, lakini alisema kuhusu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno, na mistari miwili tu mbele akatufundisha Baba Yetu, ambayo tumeikariri wote wao na sisi. Mi nawajibu kwamba rozari hainisaidii kumfanya Mungu anisikie, Mungu si kiziwi, inanisaidia mimi ninyamaze. Maneno ya mdomoni nimeyajua tangu utoto hayanisumbui, kwa hiyo kichwa kinatulia taratibu, na kuna fumbo unaliangalia, Yesu yuko bustanini anatoka jasho la damu na wenzake wamelala.

Kinatulia pale kinapotulia. Siku nyingi fumbo la tatu nishaondoka, nawaza zipu ya mteja, nawaza kodi ya fremu, nashtuka niko Atukuzwe Baba sijui nilifikaje. Zamani nilikuwa naanza upya nikidhani imeharibika, padre mmoja kwenye kitubio akaniambia usianze upya, ile zipu na ile kodi zitaje hapo hapo, ziwe nia, endelea. Tangu hapo wateja wangu wanaombewa bila kujua, hasa wale wanaochelewa kulipa.

Na usingizi je, maana hiyo ndo sababu kubwa ninayopewa kila nikisema tukae kimya, oh watu watasinzia. Wasinzie! Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, huyu ambaye nusu ya mabinti wa Kikatoliki wameitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na leo ni mwalimu wa Kanisa, ameandika mwenyewe kwamba alikuwa anasinzia kwenye tafakari, na akajifariji kwamba wazazi wanawapenda watoto wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Yule mlinzi wetu alisinzia wiki ngapi pale nyuma, na siku Neno lake lilipofika aliamka.

Sasa naomba nini. Kwanza michango itoke kwenye saa ya sala. Karibu kila jumuiya ina grupu la WhatsApp, mweka hazina aandike huko, na anayedaiwa apigiwe simu au afuatwe nyumbani kwa heshima, asisomwe mbele za watu kama mshtakiwa. Kwa wasio na simu kubwa kuna viongozi wa nyumba kumi, watembee, ndo kazi waliyoombea kura. Kama lazima kuna matangazo basi yaje sala ikishafungwa, na mwenye kuwahi gengeni aruhusiwe kuondoka bila kuonekana msaliti.

Pili hizo Hatua Saba zirudi zote, na hatua ya nne ipewe dakika tano kwa saa ya mkononi, mtu mmoja ashike saa wengine wasiangalie. Watoto wakilia walie.

Na nyie mababa paroko, hili nalisema kwa heshima zote maana nyie ni baba zetu, mnapotutembelea jumuiya swali la kwanza huwa ni mmefikia asilimia ngapi ya lengo. Tunajua mnasukumwa na dekania (kundi la parokia jirani) na jimbo, hesabu hazina huruma. Lakini siku moja mkija tuulizeni kwanza wiki hii mmesikia Neno gani, mtaona tutakavyobabaika, na wiki inayofuata tutasoma.

Najua wapo watakaosema nikiondoa daftari jumuiya haitakusanya kitu. Inawezekana kwa miezi ya mwanzo itapungua, siwezi kubisha, na kuna kamati itanichukia. Mi nawauliza tu hivi sasa tunakusanya? Wale kumi na watano wanaokuja ndo hao hao wanaokamuliwa kila wiki, na nyumba zaidi ya arobaini za mtaani zimejifungia ndani Jumamosi asubuhi, taa zimezimwa, tukibisha hodi mtoto anatumwa aseme mama hayupo.

Jumamosi hii zamu ni kwangu. Nimeshaongea na mwenyekiti, alinuna kwanza halafu akakubali kwa majaribio, katibu amesema atakuja bila daftari ila kalamu hawezi kuiacha. Mama wa vitumbua nimempelekea taarifa jana, kaniuliza mara tatu kama ni kweli hakuna kuitwa majina, nikamwambia ni kweli, na vitumbua vya chai nimeviagiza kwake na nimeshalipa. Injili tutaisoma mara mbili, polepole, na kimya kitakuwepo, cherehani nitaifunika.

Wako katika Kristo,
Fundi cherehani na mwanajumuiya,
Mbagala, Dar es Salaam